Mto uliotoka bahari hadi bahari: uchambuzi wa kisa cha ramani ya riwaya

## Usuli

Mwandishi mmoja wa Dodoma alikuwa amemaliza muswada wa riwaya inayotokea katika nchi isiyokuwepo duniani: bara dogo lenye upana wa kilomita 600 kutoka magharibi hadi mashariki, bahari kila upande, nyanda kavu katikati. Alitaka ramani ya kurasa mbili mwanzoni mwa kitabu. Kitabu kilipangwa kuwa cha A5, kwa hiyo ramani ikifunguliwa ingekuwa A4, wino mweusi peke yake. Kazi alipewa mchoraji kijana mwenye mkono mzuri wa katuni na majalada, ila ramani hakuwahi kuchora. Faili lilitakiwa kwa mchapaji baada ya wiki tano.

Ramani ilipokuwa tayari, mwandishi aliipeleka kwa mwalimu mstaafu wa jiografia. Alitaka amkagulie tahajia ya majina tu. Kwenye tahajia hawakufika.

Majina ya wahusika na ya kitabu yameondolewa, na majina ya mito ya kwenye ramani yamebadilishwa. Vipimo vimeachwa kama vilivyokuwa.

## Ramani ya kwanza

Mchoraji alitumia karatasi ya A3. Bara lilichukua sentimita 40 za upana, yaani sentimita 1 ilikuwa kilomita 15. Alianza na pwani, akapanga milima, akaweka miji, na mito akaimwaga mwisho, palipobaki nafasi. Karibu kila anayeanza hufuata mpangilio huo, na karibu kila kosa lililofuata lilitoka humo. Mto huzaliwa na mwinuko, na kwenye karatasi ile mwinuko haukuwepo. Zilikuwepo pembetatu za milima tu. Kati ya safu moja na nyingine hakuna aliyejua wapi ni juu na wapi ni chini, mchoraji mwenyewe akiwemo.

Mwandishi na mchoraji walimkuta Mwalimu nyumbani kwake. Baada ya shikamoo na chai aliweka kidole kwenye ziwa la katikati.

"Kijana, hili ziwa lina milango miwili. Mmoja unamwaga mashariki, mwingine magharibi. Upi uko chini?"

"Yote iko sawa, Mwalimu."

"Haya, mwaka wa kwanza iko sawa. Mmoja ukichimbika hata unene wa kidole, maji yanahamia huko. Yakihamia yanazidi kuuchimba. Ule mwingine unabaki njia ya mbuzi."

Ndivyo ilivyo. Ziwa Victoria, na ukubwa wake wote, hutoa maji kwa mto mmoja tu, Naili. Ziwa Tanganyika hutoa kwa Lukuga. Ziwa lenye milango miwili ya kudumu ni nadra kiasi kwamba ukilichora bila maelezo, msomaji anayejua ataona umekosea.

Yaliyobaki yalikuwa haya. Mto mkubwa, tuuite Mto Mrefu, ulianzia bahari ya magharibi ukaishia bahari ya mashariki, na ndio aliosafiria shujaa kwa mtumbwi. Mto wa kusini uligawanyika mara mbili kila ulipokaribia baharini, lakini ulianza kugawanyika kilomita 200 kabla ya pwani, kwenye vilima. Matawimto kadhaa yaliingia kwenye mto mama yakiwa yameelekea nyuma, kama magari yanayoingia barabara kuu kinyume. Mto wa kaskazini ulikatiza safu ya milima ya mashariki. Mito yote ilikuwa na unene mmoja toka chanzo hadi mdomo. Na msitu mnene ulikuwa upande wa ndani wa milima ya mashariki, ilhali riwaya inasema wazi kuwa mvua huletwa na upepo wa baharini kutoka mashariki.

Kosa la vizingo, yaani mizunguko ya mto, linahitaji hesabu kidogo, maana ndilo linalorudiwa zaidi. Mchoraji alipendezesha mito kwa kuizungusha kama nyoka, kila mzunguko kamili ukichukua karibu sentimita 2. Mto unaojizungusha kwenye tambarare hufuata uwiano: urefu wa mzunguko mmoja huwa takriban mara 10 hadi 14 ya upana wa mto. Sentimita 2 ni kilomita 30. Ukigawa kwa 11 unapata mto wenye upana wa kilomita 2.7, wakati kwenye hadithi wanawake wanauvuka wakiwa na ndoo kichwani. Mto wa mita 100 ungejizungusha kila kilomita 1.1 hivi, ambayo kwenye karatasi ile ni chini ya milimita 1. Kwa hiyo kwenye ramani ya nchi nzima vizingo vya kweli havichoreki. Kinachochorwa ni mkondo wa bonde lenyewe: mikunjo mipana, isiyolingana, inayosababishwa na kilima hapa na mwamba pale.

## Maamuzi

Suala gumu lilikuwa Mto Mrefu, kwa sababu sura tatu za riwaya zilipita juu yake. Mezani kulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni kuuacha na kuuita mlango wa bahari. Maji yanayounganisha bahari mbili ni bahari. Yatakuwa ya chumvi, na bara litakuwa visiwa viwili. Mwandishi alikataa, kwani vita vyote vya kitabu ni vya kugombea maji matamu. Ya pili ni kuufanya mfereji uliochimbwa na watu wa kale. Hilo lingewezekana, ila kuvusha mtumbwi juu ya nyanda zenye mwinuko wa mita 1,100 kunahitaji milango ya maji ya kupandia na kushukia, na jamii iliyomo kitabuni haijafika huko. Ya tatu ni kuukata: mito miwili inayoanzia karibu karibu na kuelekea pande mbili tofauti.

Mwandishi aliona njia hii ya tatu itaharibu safari. Hapo Mwalimu alikunjua ramani ya Tanzania, akawaonyesha wanakoishi.

Mvua inayonyesha mkoa wa Dodoma huenda njia tatu. Inayoingia Kinyasungwe huelekea mashariki, huwa Mkondoa, kisha Wami, na mwisho Bahari ya Hindi. Inayoingia Bubu kutoka upande wa Kondoa hufia kwenye kinamasi cha Bahi na haitoki tena ila kwa jua. Inayoingia Kizigo huenda kukutana na Ruaha Mkuu kwenye bwawa la Mtera na kuishia Rufiji. Hayo ni mabonde matatu kati ya tisa ya usimamizi wa maji nchini: Wami/Ruvu, Bonde la Kati na Rufiji. Na migongo inayoyatenganisha, sehemu nyingi, ni miinuko midogo ambayo mtu huivuka kwa bajaji bila kujua kuwa amehama kutoka maji ya bahari kwenda maji yasiyo na bahari.

Hilo la mwisho ndilo lililombadilisha mwandishi. Alikuwa akidhani mgongo unaogawa maji lazima uwe safu ya milima yenye theluji. Uamuzi ukawa hivi: Mto wa Magharibi unapandwa kwa mtumbwi hadi maji yanapokwisha, mtumbwi unabebwa kilomita 30 juu ya uwanda, yaani sentimita 2 za karatasi, unapita kando ya bonde lisilo na njia ya kutokea, lenye chumvi, kisha unashuka na Mto wa Mashariki. Lile ziwa la milango miwili likageuka kuwa bonde hilo la chumvi. Maji yakiingia bila kutoka, jua huyachukua na kuacha chumvi, kama Natron na Eyasi. Hadithi ilikuwa na wafanyabiashara wa chumvi ambao tangu mwanzo hawakuwa na pa kuichota. Sasa walikuwa napo.

Muda wa safari nao ulirekebishwa. Kwenye muswada shujaa alipanda kilomita 300 kwa siku 4. Kupiga kasia dhidi ya mkondo, hata kilomita 20 kwa siku ni kazi ya jasho, kwa hiyo siku 4 zikawa wiki mbili na ushee.

Kuhusu msitu, ilitosha kuuhamisha upande wa pili wa milima. Milima ya Uluguru ni mfano wa karibu: mteremko unaotazama bahari una mvua nyingi, wa upande wa nyuma una mvua kidogo zaidi. Kitabuni lilibadilika neno moja.

Mahali ambapo Mwalimu mwenyewe aliteleza ni kwenye mto uliokatiza safu ya milima. Alisema ufutwe, mto hauvuki mlima. Mchoraji, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, aliuliza kwa adabu: mbona Ruaha Mkuu unatoka Mtera na kupenya milimani hadi Kidatu? Swali lilikuwa halali. Mtera iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari na Kidatu karibu 450. Mto unashuka muda wote, na milima iko kulia na kushoto. Vivyo hivyo Kinyasungwe na Mkondoa hupita kwenye mwanya wa milima, na reli ya kati ikaufuata mwanya huohuo kwenda Kilosa. Mto hupenya safu ya milima ikiwa umechimba korongo, na sakafu ya korongo hilo iko chini kuliko bonde unakotoka. Mto wa kaskazini ukabaki, ila ukachorewa korongo: milima ilisogezwa ikaacha mwanya wa milimita 4, kingo zikawekwa mistari mifupi ya genge pande zote mbili.

## Kuchora upya

Pwani ya zamani ilihifadhiwa. Karatasi ya tresingi iliwekwa juu yake na kazi ikaanza na namba badala ya picha. Mchoraji aliandika namba 43 za mwinuko kwa penseli ya 2H: kila mji, kila kilele, kila kona ya uwanda, hadi sifuri pwani. Namba hizo hazionekani na msomaji, lakini bila hizo hakuna linalofuata.

Hatua ya pili ni migongo. Kwa penseli nyekundu aliunganisha sehemu za juu, kilele hadi kilele, na kutoka kila mgongo mkuu akatoa migongo midogo inayoshuka pembeni kama mbavu. Mgongo uliokuwa umenyooka kama mshono wa cherehani ulivunjwa: safu za milima hupinda, hupishana, huachana na kuacha vilima vya pekee mbele yake. Vilima hivyo vya pekee havikuhitaji kutafutwa mbali. Dodoma imejaa vilima vya mawe vilivyosimama peke yake uwandani, majabali yakiwa yamebebana, na mchoraji alivichora kwa kutazama dirishani.

Ukingo wa bonde la ufa ulichukuliwa kutoka Kilimatinde: upande mmoja ngema kali, upande wa pili uwanda unaoinama taratibu kuelekea mbali. Kinachosahaulika ni kwamba mito mirefu huwa upande huo unaoinama taratibu, ikiukimbia ufa. Vinavyoporomoka kwenye ngema ni vijito vifupi tu, vya milimita chache.

Ndipo mito ikaja, kwa penseli ya bluu, kati ya mbavu na mbavu. Kila mto ulichorwa kutoka mdomoni kupanda juu, kwa sababu mkono ukianzia mdomoni unalazimika kutafuta matawimto yanatoka bonde gani. Kila tawimto huingia kwa pembe kali inayoelekea mto unakokwenda. Mto wa kusini uliruhusiwa kugawanyika, lakini kilomita 25 tu za mwisho, kwenye tambarare ya matope, kama Rufiji inavyofanya kabla ya bahari.

Kisha jaribio la tone. Unaweka ncha ya penseli popote kwenye ramani na kushuka, ukisoma namba. Ukifika baharini, au kwenye bonde lisilotoka, sawa. Ukilazimika kupanda hata mara moja, ama namba imekosewa ama mto. Walifanya mara 30 wakakwama mara 5. Nne zilikuwa namba. Moja ilikuwa mji uliokuwa chini ya mto wake mwenyewe.

Unene wa mistari ulipangwa kwa daraja, kwa njia iliyoenezwa na Arthur Strahler miaka ya 1950. Kijito kisicho na tawi ni daraja la 1. Vya daraja la 1 viwili vikikutana, mbele yao ni daraja la 2. La 1 likiingia la 2, linabaki la 2. Kwa kawaida idadi ya mito ya daraja moja huwa mara 3 hadi 5 ya idadi ya mito ya daraja linalofuata, na uwiano huo unasaidia kujua kama umechora michache mno juu na mingi mno chini. Kalamu zilikuwa za milimita 0.1 kwa daraja la 1, 0.2 kwa la 2, 0.3 kwa la 3 na 0.5 kwa la 4.

Hapa kazi ilizidi kipimo. Mto wa Mashariki peke yake ulipata vijito 52 vya daraja la 1, na ramani ikawa mizizi ya mwembe. Majina ya miji hayakuwa na pa kukaa. Vijito vyote vya daraja la 1 vilifutwa isipokuwa sita ambavyo wahusika wanavivuka au kuvigombea.

## Chapa ya majaribio

Nakala moja ilipigwa chapa kwenye A4 siku nne kabla ya tarehe ya mwisho. Mambo matatu yalijitokeza, yote ya karatasi na hakuna hata moja la jiografia.

Kupunguza kutoka A3 hadi A4 ni kubaki na asilimia 71. Mstari wa 0.1 ukawa milimita 0.07, ukakatika katika. Vijito sita vilivyobaki vikawa kama vumbi. Vilichorwa upya kwa 0.2, na madaraja mengine yote yakapanda ngazi moja.

Pembeni paliandikwa "sm 1 = km 15". Baada ya kupunguzwa, sentimita 1 ilikuwa karibu kilomita 21. Maandishi hayo yalifutwa na mahali pake pakawekwa mstari wa kipimo uliochorwa, wenye vipande vya kilomita 50, ambao hupungua pamoja na ramani.

Na mkunjo wa kitabu ulimeza milimita 9 kila upande. Mahali pale ndipo mtumbwi unapobebwa nchi kavu, sehemu muhimu kuliko zote. Hakukuwa na muda wa kuchora upya. Ramani ilipasuliwa katikati kwenye kompyuta na kila nusu ikasogezwa nje milimita chache. Pwani mbili zikakaribia ukingo wa karatasi kuliko inavyopendeza, ila njia ya mtumbwi ikaonekana.

Kwa kuwa wino ulikuwa mmoja, barabara zilikuwa vipande vifupi na mito mistari kamili. Hilo lilifanya kazi.

## Matokeo na uchambuzi

Faili lilifika kwa mchapaji kwa wakati. Sura tatu za safari zilibadilishwa kurasa mbili jumla, na mwandishi alikiri kuwa sehemu ya kubeba mtumbwi ikawa bora kuliko ile ya mwanzo. Mchoraji alilipwa nyongeza ya nusu ya malipo ya awali, baada ya mvutano kidogo. Mvutano huo ulikuwa wa haki yake: makubaliano ya kwanza hayakusema nani atabeba gharama ikiwa hadithi yenyewe ndiyo inayolazimisha mchoro ubadilike.

Kilichofaa zaidi ni zile namba 43. Zilichukua jioni moja na zikamaliza mabishano ambayo kwa macho yasingeisha. Hakuna aliyebishana tena kuhusu ladha, wote walisoma namba. La pili ni mfano kutoka nyumbani. Ramani nyingi za nchi za kubuni zimejaa milima ya theluji na misitu ya misonobari, kwa hiyo anayeishi kwenye uwanda mkavu hudhani kwake hakuna cha kuchora. Bonde lisilotoka, mto unaopotea mchangani na mgongo usioonekana ni mandhari zenye nguvu kwenye hadithi kuliko maporomoko ya kumi na tano.

Kilichoshindikana ni utaratibu. Mhakiki, yaani Mwalimu, aliitwa ramani ikiwa imekamilika, mchoraji akiwa ameshaipenda. Angeitwa wakati wa penseli, wiki mbili zingeokolewa. Chapa ya majaribio nayo ilifanywa mwisho, wakati kipande cha A4 chenye mistari minne ya unene tofauti na majina mawili kingepigwa siku ya kwanza na kujibu karibu maswali yote ya wino. Na sheria zilitumiwa kama amri. Nusura ile ya "mto hauvuki mlima" ifute korongo ambalo sasa ndilo eneo la vita vya mwisho. Mhakiki anapaswa kuuliza "umewezaje kupita hapa?" kabla ya kusema "futa".

Kosa moja limebaki kwenye kitabu kilichochapwa. Mto unaopita chini ya mji wa tatu umechorwa kwa mstari kamili, wa maji ya mwaka mzima. Sura ya 11 watoto wa mji huo wanafukua mchanga wa mto kwa vibuyu kutafuta maji, mwezi wa kiangazi. Mto wa msimu ulipaswa kuwa na mstari wake, kwa mfano kipande na nukta, lakini vipande vilikuwa vimeshachukuliwa na barabara na hakuna aliyekumbuka kurudi kwenye maelezo ya alama. Wasomaji wa kwanza kuliona walikuwa wa Dodoma.